Vikombe vya Saa

Nilianza kama chambo.
Mwaka wa kwanza, Ahero, sikupewa hadubini. Nilipewa kigoda,
tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, mrija wa kufyonzea
na amri: kunja suruali hadi magotini, kaa, usikohoe.
Zadoki Onditi alikaa mkabala nami, mguu wake karibu na wangu,
tukingoja kama watu wanaosubiri kuitwa majina.
Mbu akitua, unamulika, unavuta pumzi
(kipande cha wavu mrijani ndicho kinachokuzuia kummeza),
kisha unampuliza kikombeni.
Kila saa na kikombe chake. Saa nne usiku: kumi na mmoja.
Saa sita: thelathini na wanne.
Saa tisa Zadoki alisinzia,
mguu wake ukaliwa bure, hasara kwa sayansi.

Mama yangu, kule Seme, aliuliza kazi niliyoajiriwa ni ipi.
Nikasema, natafuta mbu.
Akanyamaza kidogo.
"Kwani hapa kwetu walikwisha?"

Baadaye nikapata meza, na hadubini yenye jicho moja la ukungu.
Nikajifunza kumpasua mbu kwa sindano mbili,
kukivuta kichwa polepole hadi tezi za mate zifuate,
ndogo kuliko punje ya chumvi.
Humo homa hulala, nyembamba, kama nyuzi zilizokatwa
fundi akasahau kufagia.
Nimezitazama miaka ishirini na sita
na sijawahi kuzichukia.
Hilo sikulisema kwenye mazishi yoyote.

Halafu kupe. Miaka minne ya kupe, Butula na Nambale,
tukiburuta shuka jeupe malishoni
kama wafuaji waliopotea njia ya mtoni.
Turufosa Makokha alitukunjulia sikio la mtamba wake:
wamejipanga ndani, wanene, kama mbegu za mbarika.
Matezi yamevimba. Pumzi inakoroma.
Nililijua jina la kidudu, safari yake, siku zake.
Dawa ilikuwa Kisumu, na bei yake ilikuwa nusu ya mtamba.
Nikachukua damu, nikaandika nambari.
Turufosa akanifungia ndizi za njiani.
Mia moja na kumi na saba. Alikufa Ijumaa.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo tulivyofundishwa.
Mimi nilikifungulia daftari.

Vyandarua vilipogawiwa uwanda wote wa Kano
vikombe vyetu vikaanza kukaa vitupu.
Saa sita: wawili. Saa nane: hakuna.
Tulinunua soda kreti nzima. Mkurugenzi alipiga picha na kikombe kitupu.
Lakini zahanati haikupungua foleni,
na ni Zadoki aliyeona, mimi mwenye shahada sikuona:
"Daktari, sisi tunakuja tumechelewa."

Tukaweka kigoda saa kumi na mbili jioni.
Jua lingali limeshika mabati ya kinu cha mpunga,
watoto uani na hesabu zao za kugawanya,
mtu anachambua omena, redio inasoma matangazo ya vifo.
Kikombe kikajaa.
Mbu walikuwa wamezisoma saa zetu.

Makala ilichapishwa. Jina la Zadoki liko mwishoni,
kwenye shukrani, limekosewa herufi mbili.
Nilimpelekea nakala. Akaliangalia muda mrefu,
akasema, "Huyu naye alifanya kazi nzuri."

Mwezi uliopita walinistaafisha kwa keki na saa ya ukutani.
Nimeitundika jikoni, inaonekana kutoka barazani.
Leo mmoja ametua juu ya kifundo cha mguu,
kichwa chini, makalio juu, wale wenyewe.
Mkono umeingia mfukoni kutafuta mrija,
umekuta leso.

Nikampiga kofi.
Saa kumi na mbili na dakika tisa. Mmoja.